Jumamosi za Bwana Nyama

Bwana Nyama hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alisimama nje ya geti letu pale Sofu, Kibaha, akakohoa mara moja tu, na mume wangu, ambaye siku za kazi namwamsha kwa kumtikisa bega mpaka mkono unachoka, alikuwa ameshavaa viatu. Nilimsikia akitembea kwa kunyata ili asiniamshe. Nilikuwa macho. Kila Jumamosi alfajiri nilikuwa macho, nimegeukia ukutani, nikisubiri kikohozi cha mzee wa watu kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Watu wa mtaani walimwita hivyo kwa sababu ya kazi aliyoifanya kabla ya kustaafu. Alikuwa afisa wa wanyamapori, na wazee wa huku bado wanawaita maafisa hao mabwana nyama. Alizunguka vijiji vya Kisarawe na vya bondeni akiwa na bunduki ya serikali, akiitwa pale nguruwe pori walipoingia kwenye mihogo au kiboko alipokanyaga mpunga wa watu. Jina alilopewa na wazazi wake nililijua lakini sikuwahi kulitumia, na hapa pia sitalitumia.

Mimi moyoni nilimwita mke mwenza. Yeye ndiye aliyeanza. Alikuwa Mzaramo, mume wangu ni Msukuma, na watani hawakosi maneno. Siku ya kwanza aliyoingia kwangu alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni akasema, "Kumbe huyu ndiye mke wangu mdogo? Msukuma, ulimficha wapi?" Tukacheka sote. Baadaye, miezi ilivyozidi kwenda, mimi nikaacha kucheka. Jirani yangu akinikuta nafua peke yangu Jumamosi ananiuliza, "Mke mwenza kashamchukua?" Namjibu, "Kashamchukua," na najisikia vibaya siku nzima.

Inabidi nieleze Jumamosi ilikuwa nini kwetu. Mimi na Baba Neema wote tulifanya kazi Dar, yeye katika upimaji wa ardhi, mimi masijala. Tulitoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurudi tukiwa hatuna hata nguvu ya kugombana. Jumapili ilikuwa ya kanisa na ya wageni. Siku iliyobaki ilikuwa moja, na hiyo moja aliichukua mzee mwenye ndevu nyeupe, akaipeleka Gwata, akaitia kwenye mtumbwi na kuizungusha mtoni Ruvu mpaka jioni.

Walivyokutana ni jambo dogo sana. Tulikuwa tunashusha tenki la maji kutoka kwenye gari, na Baba Neema alikuwa amelifunga kwa kamba. Bwana Nyama alikuwa anapita kutoka msikitini. Akasimama, akaikamata ile kamba, akaligeuza fundo kwa kidole.

"Fundo hili umejifunza ziwani," alisema.

"Umejuaje, mzee?"

"Wa nchi kavu hawafungi hivi. Wa nchi kavu wanafunga kama wanaogopa kitu kitakimbia."

Nilimwona mume wangu akitabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu tuhamie Kibaha. Mimi ni mwanamke wa milimani, Upareni. Nilikuwa nimeishi na mwanaume huyu miaka, nimemzalia mtoto, nimefungua mafundo yake kwenye magunia na kwenye kamba za kuanikia nguo, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza amejifunzia wapi.

Basi wakawa wanne. Bwana Nyama, mume wangu, mwenye duka la dawa ambaye ndiye alikuwa na pikapu, na karani mmoja wa mahakama. Mtumbwi ulikuwa wa mzee, wa mti mmoja, mrefu, mweusi kwa uzee, na uliachwa kwa mkulima mmoja wa Gwata karibu na mto. Walivua kwa ndoana na mishipi, wakashuka na mkondo mpaka kule ambako hakuna tena mashamba, ni matete na ndege tu, kisha wakarudi taratibu wakisukuma kwa upondo, ule mti mrefu unaogusa chini ya maji. Sikukuu zikifuatana walilala hukohuko.

Mtoni mzee alikuwa na sheria zake. Simu zilitiwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Hakuna kuzungumza habari za kazini. Hakuna kumwambia mwenzako "si nilikwambia." Safari moja mwenye duka la dawa alianza kulalamika juu ya kodi, na mzee, bila hasira yoyote, akausogeza mtumbwi ukingoni. "Shuka umalizie kuongea," alimwambia. "Tutakupitia tukirudi." Jamaa akadhani ni utani. Haukuwa utani. Alikaa juu ya kisiki na kofia yake mpaka walipomrudia, na tangu hapo hakutaja tena kodi hata wakiwa garini.

Mambo haya nayajua kwa kusimuliwa. Baba Neema ni mtu wa maneno machache, lakini Jumamosi jioni alikuwa na maneno. Alikaa na sahani mbele yake akasema mzee kafanya hivi, mzee kasema vile, na Neema akaacha simu yake akamsikiliza baba yake kwa mdomo wazi. Nami nilisikiliza. Kuna wakati nilijikuta nasubiri kwa hamu kujua mzee alimjibu nini karani, kisha nikajikasirikia, nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula.

Kwa jina lake ungedhani anapenda nyama. Hakula nyama ya porini hata kipande. Alikula samaki, maharage, na kisamvu akikipata. "Nyama nimeiua ya kutosha," alisema, na hakuendelea. Alipokuwa kazini aliitwa sana Marui, huko Kisarawe, ambako ndiko kwao upande wa mama, kuwaua nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mihogo. Akimwua nguruwe, yeye Mwislamu hamgusi. Alisimama mbali na kuwapungia mkono wafanyakazi wa mashamba, Wakristo, waliokuwa wanasubiri na masufuria, kisha akaenda kisimani kunawa mpaka viwiko, kana kwamba mikono ilikuwa imefika kule risasi ilikofika.

Mara moja tu aliwapeleka wenzake kuwinda. Karani wa mahakama alikuwa ametafuta kibali cha kuwinda kanga, amenunua na viatu. Walikwenda msitu wa upande wa Kisarawe. Mzee akakaa chini ya kichaka na bunduki ya kuazima mapajani kuanzia asubuhi mpaka jua likageuka, akasema hakuona kitu. Karani aliapa kwamba kundi zima la kanga lilipita mbele ya miguu ya mzee, likidonoa, wakubwa kwa wadogo.

"Mzee, hukuwaona?"

"Niliwaona."

"Sasa?"

"Walikuwa wanaongea."

Baba Neema alipenda sana jibu hilo. Alilirudia wiki nzima. Nikimwita aje kula anasema, "Subiri, wanaongea," akimaanisha watu wa kwenye taarifa ya habari. Nilitamani siku moja alirudie na neno langu mimi hivyo.

Na hakuwa malaika. Alikuwa mbishi, hakubali kwamba barabara mpya inafika haraka kuliko ile ya zamani. Akishindwa hoja alijifanya hasikii. Aliwahimiza wengine wawahi na yeye mwenyewe aliwachelewesha akitafuta fimbo yake iliyokuwa kwapani. Mkewe, bibi mmoja mkunjufu aliyeuza vitumbua barazani, alinicheka nilipojaribu kumlalamikia kwa kuzungukazunguka.

"Mwanangu," alisema, "wako anakwenda Jumamosi anarudi Jumamosi. Wangu alikuwa anakaa porini mwezi, akirudi ananisimulia habari za tembo kama anamsimulia shemeji yake. Nilinuna, nikanuna, nikazeeka. Sasa akienda mtoni ndipo napumua. Mwache aende, nawe pumua."

Nilimwitikia. Lakini mimi sikutaka kupumua. Nilimtaka mume wangu.

Kinachonisumbua hadi leo ni kwamba mzee hakunifanyia ubaya wowote. Jioni alileta perege waliokwisha parwa magamba na kutolewa matumbo, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Alinipa kwa mikono miwili. "Mwanamke wa milimani hana kosa kwa samaki," alisema. Ni maneno ya upole. Mimi nikasikia jambo jingine: kwamba mume wangu alimsimulia jinsi nilivyolia nilipoolewa na kupewa samaki wa kwanza kumpara. Kilio changu kilikuwa kimekwenda kuwa hadithi ya kwenye mtumbwi. Nilishukuru, nikaingia ndani, nikawakaanga wale samaki mpaka wakakauka.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa Jumamosi kama nyingine. Walirudi mapema, mchana. Baba Neema alipita moja kwa moja kwenda kuoga, hata salamu yake ilikuwa nusu. Bwana Nyama alibaki barazani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakataa chai. Alikuwa anazungusha kofia yake mkononi.

"Leo mtani hakuwa sawa," alisema. "Maji yamejaa, yana nguvu. Nimemwambia, Msukuma, siku za maji mengi usimkumbuke sana Shija. Utakosea kupiga kafi."

Shija alikuwa mdogo wake mume wangu. Alikufa kabla sijamfahamu.

"Shija alikufa kwa homa," nilisema.

Mzee akaacha kuzungusha kofia. Alinitazama, na nikaona kwenye uso wake kitu kilichoniumiza kuliko habari yenyewe. Alinihurumia.

"Mama Neema," alisema taratibu, "nimekosea. Nimesema kisichokuwa changu." Akasimama, akasahau fimbo, akarudi kuichukua, akaondoka.

Niliingia ndani nikamkuta mume wangu ameketi kitandani na taulo begani. Nilimuuliza Shija alikufaje. Hakujaribu kudanganya. Alisema walikuwa ziwani wawili, vijana, wanategua nyavu. Upepo ukabadilika, mtumbwi ukapinduka. Yeye alishika ubavu wa mtumbwi. Shija alikuwa anaogelea kumfuata, na hakufika.

"Na mimi ukaniambia homa."

"Nyumbani tulikubaliana kusema homa. Mama hakutaka kusikia neno maji."

"Mama yako sawa. Na mimi?"

Alilivuta taulo begani, akalikunja mapajani.

"Na yeye ulimwambia lini?"

"Mama Neema..."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Mwaka ule wa kwanza."

Nilikaa chini. Ningepaswa kumlilia Shija, na namuomba Mungu anisamehe, sikumlilia Shija. Nilikuwa nawaza mwaka ule wa kwanza, Jumamosi zote zile, mume wangu akirudi na kula na kucheka, na mzee wa jirani akinipita njiani na kunisalimia akijua ni nani aliyelala chini ya ziwa ndani ya kichwa cha mume wangu, na mimi sijui.

"Kwa nini yeye?" nilimuuliza.

Alifikiri sana. Baba Neema hajibu swali kabla hajamaliza kulifikiria. "Mtoni mtu anaongea akiangalia maji," alisema. "Wewe ukiniuliza kitu unaniangalia mimi."

"Basi Jumamosi nakuja. Na mimi nitaangalia maji."

Nilidhani watanikataa, na karani alijaribu. Alisema mtumbwi utakuwa mzito. Mwenye duka la dawa akasema mambo ya choo, kwamba kule hakuna pa kujisitiri. Bwana Nyama aliwasikiliza akiwa ameegemea pikapu. "Mto haujamkataa," alisema. "Mnaomkataa ni nyinyi, na nyinyi si mto." Kisha akaniambia nichukue kofia, na nguo ya kubadilisha.

Tulifika mtoni jua likiwa bado chini. Nilijifunga khanga juu ya suruali na kupanda kwa kushikwa mikono na watu watatu, nikiwa na aibu. Mzee alinikalisha katikati. Mume wangu akashika kafi mbele, mzee akasimama nyuma na upondo, akasema Bismillahi, tukateleza. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Ndege weupe wenye miguu mirefu walisimama ukingoni bila kutujali. Ilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kusikia kimya, na nilielewa mara moja, kabla hata hatujafika kona ya kwanza, kwa nini mtu angeacha kitanda chenye joto kwa ajili ya jambo hili. Hilo halikunipoza. Lilinizidishia wivu.

Kule matete yanakobana mto, mzee aliinua mkono. Mbele yetu maji yalitoa mapovu, kisha vikatokea vichwa viwili, kimoja kikubwa, kimoja kidogo, masikio yanatikisika. Kiboko na mtoto wake. Mzee akausukuma mtumbwi ndani ya matete, tukatulia. Hakuna aliyenong'ona hata neno. Ndipo nikasikia kitu kinagonga, tik tik tik, polepole, kwenye ukingo wa nyuma wa mtumbwi. Niligeuza shingo. Bwana Nyama, aliyekuwa ameua viboko bonde zima, alikuwa anatetemeka. Midomo yake ilikuwa inaomba dua na upondo ulikuwa unagonga mtumbwi kwa mtetemo wa mikono yake.

Mume wangu hakugeuka kutazama. Aliusikia tu. Aliinuka, akanipita mimi na wenzake bila mtumbwi kuyumba hata kidogo, akaushika ule upondo. "Kaa, mzee," alisema. Mzee akakaa karibu na miguu yangu kama mtu aliyeambiwa na daktari.

Yule mwanaume aliyesimama nyuma sikuwa namjua. Aliutoa mtumbwi matetani kwa kusukuma kidogo, akasubiri, akasukuma tena, akiwasoma wale wanyama, magoti yake yamelegea, uso wake umetulia kama wa mtu aliye kwao. Ofisini anabeba darubini ya kupimia. Nyumbani anabeba ndoo. Hapa alikuwa kijana wa ziwani mwenye nguvu zote, na watu watatu wengine walikuwa wakimwona hivi kila wiki, wamezoea, mmoja wao hata alikuwa anapiga miayo.

Tulipopita salama karani aliniinamia. "Hajui kuogelea," alisema akimwonyesha mzee kwa macho. "Hukujua? Sisi wote tunajua. Yeye bunduki alipigia nchi kavu."

Mbele kidogo mzee akaomba tusogee ukingoni. Akasema yeye na wenzake wawili watashuka kukagua mishipi waliyoitega, na Msukuma anizungushe mama kidogo nikaone bwawa la mbele. Karani akasema mishipi hawajatega. Mzee akamkanyaga mguu. Wakashuka. Nilipogeuka nilimwona amesimama ukingoni, mkono mmoja juu ya macho, akitutazama tunavyokwenda.

Mume wangu aliniambia habari ya Shija akiwa amesimama nyuma yangu, sauti yake ikipita juu ya kichwa changu. Aliniambia yote, nami nikaangalia maji. Na hata katika saa ile niliyoitaka sana, niligundua kwamba hadithi ilikuwa laini. Ilikuwa imeshasemwa. Maneno yalikuwa yamekwisha pata mahali pake, kilio kilikuwa kimekwisha liliwa, na mimi nilikuwa napewa kilichobaki. Nilimsikiliza kwa huruma na kwa kinyongo, vyote pamoja, na sikujua kipi ni kipi.

Upondo ukaingia majini, ukatoka.

"Mzee haogelei," alisema. "Kila Jumamosi nikimrudisha mpaka nchi kavu, usiku wake nalala vizuri. Siku nyingine silali hivyo."

Niligeuka kumtazama, halafu nikakumbuka, nikarudisha macho majini.

"Yeye anajua?"

"Hilo sijamwambia mtu."

Sentensi hiyo ilikuwa yangu. Nilirudi nayo ukingoni nimeishika kwa ndani, na mzee alipotupokea na kuuliza kama nimeliona bwawa, nilimwambia nimeliona, ni zuri sana.

Baada ya hapo nilikwenda nao mara kwa mara, si kila wiki. Nisingesema wivu uliisha. Ulipungua makali. Nilijifunza kutia chambo, nikamkamata kambale mmoja aliyenizidi nguvu, na mzee akamsifu kambale.

Halafu Bwana Nyama akapata kiharusi. Kilimkuta akiwa nyumbani anatafuta fimbo yake. Upande wa kulia ulilegea, na mkewe, ambaye peke yake hakuweza kumgeuza, akakubali binti yao awachukue wote wawili wakaishi Marui, kwenye shamba la upande wa mama. Waliondoka siku ya kazi. Tuliporudi kutoka Dar tulikuta baraza lao limefagiwa.

Nilidhani mume wangu atakwenda Jumamosi ileile. Hakwenda. Jumamosi iliyofuata alisema kuna ujenzi kanisani. Iliyofuata akasema gari la mwenye duka la dawa limeharibika, ingawa mabasi ya Kisarawe yapo. Alipiga simu, akaongea na mke wa mzee, akatuma salamu na vitu. Kwenda, hapana. Mtoni alikwenda. Aliongoza wenzake, akashika upondo, akarudi na perege, na usiku nilimsikia akigeuka huku na huku. Nilimwambia tukamwone. Akasema, "Siwezi kumkuta amelala chini. Mtu mzima amelala chini, na mimi nimesimama tu." Nikaelewa, maana nilikuwa na ile sentensi.

Basi nikaenda peke yangu. Nilichukua ruhusa kazini siku ya Ijumaa, nikapanda basi mpaka Kisarawe, kisha bodaboda kwa barabara ya vumbi katikati ya mihogo na minazi. Mkewe alinipokea kwa vigelegele vidogo, akaniingiza sebuleni. Mzee alikuwa amelazwa kwenye godoro karibu na mlango ili aone nje. Alikuwa amepungua. Ndevu zilikuwa zimenyolewa, na uso wake bila ndevu ulikuwa wa mtu mwingine, mdogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mke wangu mdogo." Maneno yalitoka kwa upande mmoja wa mdomo, lakini yalitoka. Macho yake yalinipita yakaenda mlangoni, yakangoja, yakarudi.

"Nimekuja peke yangu," nilisema.

"Nimeona."

Mkewe alikwenda kupika. Mzee akaniuliza mto umejaa kiasi gani, nani anakaa mbele, karani bado anaongea? Nilimjibu kila kitu. Mwisho akauliza, akitazama dari, "Msukuma kanisahau?"

Ningeweza kusema neno moja tu, ndiyo, na kuliacha hapo. Nakiri nililionja mdomoni.

"Hajakusahau," nilisema. "Anaogopa."

"Aogope nini? Siumi mtu."

"Anaogopa kukukuta umelala na yeye hana la kufanya."

Nje kuku walikuwa wanaparua. Kisha akainua ule mkono mzima, akaniashiria nisogee, nikasogea mpaka nikasikia harufu ya mafuta waliyomkanda nayo.

"Siku ile nilipowaachia mtumbwi," alisema. "Unakumbuka? Mimi nilikaa pale ukingoni nikawaombea dua."

"Asante, mzee."

"Usishukuru. Niliomba mrudi mmenuniana." Kifua chake kikatikisika, nikajua anacheka. "Nilikuonea wivu, mama. Nina mabinti, wana waume wao. Mtoto wa kiume sikupata. Nikampata huyu ukubwani, na ni wa Jumamosi tu. Siku zote zilizobaki ni zako. Nikikohoa pale getini kwenu nilikuwa naogopa, labda leo mkewe kamshika." Akapumzika. "Mlivyorudi nikawaona nyuso zenu, nikajua dua yangu imerudishwa. Usimwambie."

"Simwambii."

"Hata nikifa."

"Hata ukifa."

Nililia pale, na sikuwa namlilia yeye tu. Nilikaa nao mpaka alasiri. Nilimlisha ugali na kisamvu, kijiko kwa kijiko, tukagombana kuhusu barabara ya zamani na mpya, na aliposhindwa alijifanya hasikii.

Nilipofika nyumbani Baba Neema alikuwa amekaa barazani, amewahi kutoka kazini. Alinipokea mfuko. Hakuuliza hali ya mgonjwa mpaka nilipovua viatu.

"Vipi?"

"Anaongea. Kala vizuri. Amekusalimu."

"Kasema nini?"

"Amekusalimu sana."

"Tangu asubuhi mpaka saa hizi, salamu tu?"

"Na mambo mengine."

"Mambo gani?"

Nilimtazama. Alikuwa ameukunja ule mfuko mtupu, akaukunjua, akaukunja tena. Uso wake niliujua vizuri. Nilikuwa nimeuvaa mimi kwa miaka.

"Aliniambia nisiseme," nilimjibu, nikaingia jikoni.

Alinifuata. Alisimama mlangoni na mkono juu ya fremu. "Akuambie wewe," alisema, "kitu ambacho mimi hajaniambia?"

"Kesho Jumamosi," nilisema. "Nenda kamuulize mwenyewe."

Aliondoka alfajiri, hakunyata. Mtoni hakwenda. Alirudi jioni na vumbi la Marui mpaka kwenye nyusi, akakaa mezani, akaomba maji. Neema akamuuliza babu anaendeleaje, akasema amemgeuza, amemnyoa nywele, wamekaa nje kidogo. Nilimpakulia chakula. Nilikuwa na maswali mpaka kooni. Nikavuta kiti, nikakaa upande wake, si mbele yake, na tukala.